Mita za Mwisho ni za Aliye Chini
Hotuba mbele ya madereva wa safari za utalii, watingo, wapishi na walinzi wa kambi, Arusha

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliozijua barabara hizi tangu njia ya Makuyuni hadi Karatu ikiwa vumbi tupu, madereva wenzangu, wapishi, na ninyi walinzi wa kambi ambao kwa kawaida hamualikwi kwenye mikutano ya namna hii: wanaostahili shikamoo, shikamooni, na wengine wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie uharibifu unaotokea kambini wakati wa kuingiza, kugeuza na kutoa karavani, yaani nyumba za kulala zinazovutwa na gari, na matela. Ajali za barabara kuu sitazigusa, kwa kuwa hizo zina wasemaji wake na zina askari wake wa usalama barabarani. Ninachokileta ni kile kinachotokea baada ya safari nzima kwenda salama, gari likiwa limeshapita getini, wageni wameshashuka wanapiga picha, mpishi ameanza kuuliza maji yanapatikana wapi, kisha kinasikika kishindo kimoja kidogo huko nyuma. Kona ya karavani imegonga mgunga, au bomba la maji limelala chini, au kamba za hema la jirani zimejizungusha kwenye tairi. Hakuna aliyeumia, na mwendo haukufikia hata wa mzee anayekwenda msikitini, lakini maneno yanayofuata huchukua wiki, na fedha zinazofuata hutoka mfukoni mwa mtu ambaye tayari mnamjua.

Hoja yangu ni moja, nami nitaitetea kwa kila nitakachosema. Mita zile za mwisho, tangu gari linapoacha njia ya kambi mpaka breki ya mkono inapovutwa, si mali ya dereva. Ni mali ya mtu aliyesimama chini, nje ya gari, anayemwongoza dereva. Dereva ana usukani, ana breki na ana jina kwenye karatasi za safari, lakini katika mita hizo hana macho. Na mtu asiye na macho akikataa kuongozwa, hata awe fundi wa miaka mingapi, anabahatisha.

Naomba tuitazame karavani yenyewe, maana wengi wetu tumezoea tela fupi la mahema, magodoro na mitungi ya gesi, na hizi nyumba za kuvutwa tunakutana nazo pale wageni wanapozileta kutoka Afrika Kusini kwa kupitia Tunduma, au kutoka Kenya kwa kupitia Namanga. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria inaruhusu karavani inayovutwa na gari la kawaida iwe na upana wa hadi mita 2.55 na bodi yenye urefu wa hadi mita 7. Land Cruiser zetu hazifiki mita 2 kwa upana. Kwa hiyo kinachofuata nyuma ni kipana kuliko kinachovuta, na ni kirefu kukishinda, na kimeziba kabisa kioo cha nyuma. Kinachobaki ni vioo vya pembeni, ambavyo huonyesha ubavu wa karavani na kipande cha ardhi kilicho kando yake. Kilicho nyuma yake hasa, ukuta kwa ukuta, hakionekani kwenye kioo chochote. Mtoto anaweza kusimama pale, na dereva asijue.

Ukuta wa karavani nao si bati la gari. Kwa kawaida ni karatasi nyembamba ya alumini au faibaglasi iliyogandishwa juu ya povu gumu, na nyingi zina fremu ya mbao ndani. Mlango wa Land Cruiser ukipigwa pasi, fundi wa kunyoosha bodi kule mtaa wa Unga Limited atauchapa nyundo, atautia puti, ataupiga rangi, na jioni unaondoka. Karavani ikipasuka kwenye ungio la kona, hata kwa ufa ambao unaweza kuufunika kwa kidole gumba, maji ya mvua yanapata njia, yanashuka ndani ya ukuta, na mbao zinaoza bila mtu kuona mpaka harufu itokee. Ndiyo maana mgeni hulalamika kupita kiasi, kwa jinsi tunavyoona sisi, kwa sababu ya mkwaruzo ambao sisi tungeufuta kwa kitambaa. Anajua gharama iko wapi.

Sasa, kurudi nyuma. Wazee mniwie radhi nikirudia mnayoyajua, kwa kuwa wapo vijana hapa ambao hawajawahi kuvuta kitu. Tela huenda kinyume na usukani: ukikunja kulia wakati wa kurudi, mkia wa tela unakwenda kushoto. Njia rahisi ya kuizoesha akili ni kuushika usukani kwa mkono mmoja sehemu ya chini kabisa. Ukiusogeza mkono huo kulia, mkia unakwenda kulia. Ukiusogeza kushoto, unakwenda kushoto. Sogeza kidogo, subiri uone tela linajibu nini, kisha ndipo uongeze au uanze kulifuata kwa kunyoosha usukani. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tela fupi ndilo lenye usumbufu. Linageuka ghafla, na kabla hujajua, limejikunja mpaka kona yake imegonga bampa au taa ya nyuma ya gari linalolivuta. Karavani ndefu hujibu polepole na kumpa dereva nafasi ya kufikiri, ingawa ikishaanza kukosea, huhitaji ardhi kubwa ili irekebishwe.

Ikianza kujikunja, usiipiganie. Simama, weka gia ya mbele, jivute mpaka gari na tela vinyooke, uanze upya. Nasema hivi nikijua kwamba kuna aibu ndogo inayotukamata pale wageni wa kambi nyingine wanapokuwa wamekaa kwenye viti vyao na vikombe vya chai mkononi, wakitutazama. Kujivuta mbele hakulipiwi senti. Dereva anayejivuta mara tano na kuegesha bila kugusa kitu amefanya kazi nzuri kuliko anayelazimisha aingie mara moja. Mwendo nao uwe wa gia nzito, ile ya kutokea matopeni, ili gari litambae lenyewe bila dereva kuichezea klachi. Klachi inayochezewa huleta mruko, na mruko wa nusu mita ndio unaovunja bomba.

Upande wa kuingilia una uzito wake, na hapa naona tunakosea kama jamii nzima ya madereva. Sisi hukaa kulia kwenye gari. Tukirudi nyuma huku mkia ukielekea kulia, tunaweza kutoa kichwa dirishani na kuiona kona yote kwa macho yetu. Mkia ukielekea kushoto, ubavu wote wa kushoto wa karavani unapotea, na kioo cha kushoto kinabaki kuonyesha mbingu au majani. Kwa hiyo ukifika kambini, usikubali tu kuingia kutoka upande uliokujia. Ipite nafasi uliyopewa ikiwa upande wako wa kulia, ndipo urudi. Ikiwa iko kushoto, na kambi ina njia ya mzunguko, kama nyingi za Karatu na Mto wa Mbu zilivyo, zunguka uje kutoka upande wa pili. Dakika mbili hizo zina faida kuliko ufundi wote. Walinzi, hili nanyi liwahusu: wageni kutoka Ujerumani au Uholanzi wakija na magari ya kwao, usukani uko kushoto, na kila nilichosema kinageuka. Mlinzi anayemwelekeza Mjerumani kwa mazoea ya dereva wa Arusha anampeleka gizani.

Kuna uharibifu mwingine unaotokea gari likienda mbele, nao ndio unaoacha watu vinywa wazi kwa kuwa dereva alikuwa ameshamaliza kazi ya kurudi nyuma, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiogopwa. Ukikata kona kwenda mbele, magurudumu ya tela hayafuati alama za magurudumu ya gari. Yanapita ndani zaidi, yanaifupisha kona, na kilicho pembeni ya kona hiyo, kiwe jiwe lililopakwa chokaa au nguzo ya taa, kinapata habari yake. Dawa ni kujivuta mbele zaidi kuliko unavyodhani inafaa, ndipo ukate. Lakini ukijifunza hilo peke yake, utaangukia kwenye la pili. Ekseli ya karavani iko karibu na katikati ya bodi, kwa hiyo nyuma yake kunabaki kipande kirefu kinachoning'inia. Gari likikata kulia kwa nguvu, kipande hicho kinafagia kwenda kushoto. Karavani iliyolala usiku kucha ubavu kwa ubavu na mti, bila kuugusa, asubuhi inaweza kuupiga mti huohuo kwa mkia wake wakati dereva anatazama kulia anakoelekea. Toka kwa kunyooka kwanza, mpaka mkia uwe umekipita kitu kilicho karibu, kisha ndipo ukunje.

Nimefika kwa mtu wa chini, ambaye ndiye sababu ya mimi kukubali kusema leo.

Karavani ya kwanza inayojulikana kutengenezwa kwa ajili ya matembezi ya starehe ilikuwa ya mwaka 1885. Ilitengenezwa Bristol, Uingereza, kwa ajili ya daktari Mskoti aliyeitwa William Gordon Stables, ikavutwa na farasi wawili, ikapewa jina la The Wanderer. Mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya watu wa njiani kwamba kuna kitu kikubwa kinakuja. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza ya kazi hii palikuwa na mtu wa chini, na alilipwa kwa hilo. Sisi mtu wa chini tunampata vipi? Tunamwokota. Ni yeyote aliye karibu: mpishi mwenye mwiko mkononi, mgeni aliyechoka, kijana wa jikoni. Au, vibaya zaidi, ni wote kwa pamoja. Nadhani hakuna asiyeujua muziki wake: mmoja anasema leta, leta, leta, mwingine anasema kata yote, wa tatu anapiga ubavu wa tela kwa kiganja, na neno "basi" linatoka sekunde moja baada ya kishindo.

Mtu wa chini awe mmoja, na ateuliwe kabla gia ya nyuma haijawekwa. Asimame nyuma, upande wa dereva, mahali ambapo uso wake unaonekana kwenye kioo. Kamwe asikae kati ya karavani na mti, wala nyuma yake katikati, kwa sababu siku mguu wa dereva utakapoteleza kwenye klachi, hatutakuwa tunazungumzia rangi iliyochubuka. Dereva akimpoteza kwenye kioo, hata kwa kufumba na kufumbua, asimame hapohapo, asisogee mpaka amwone tena. Kama nafasi ni finyu na upande wa kushoto nao unahitaji macho, awepo mtu wa pili, lakini huyo azungumze na wa kwanza, si na dereva. Neno moja tu ndilo linaloruhusiwa kutoka kinywani mwa mtu yeyote, awe mgeni, mtoto au mpita njia, nalo ni "simama". Likitamkwa, gari linasimama kwanza, maswali baadaye, hata kama aliyelitamka alimwona nyani.

Sauti haitoshi. Dizeli inanguruma, jenereta la jirani linanguruma, na "kulia" ya usukani si "kulia" ya mkia wa tela. Tumieni mikono. Mkono ulionyooshwa pembeni uonyeshe mkia wa tela uelekee wapi, basi. Kukunja usukani ni kazi ya dereva, na asifundishwe na mtu wa nje. Viganja viwili vinavyokaribiana vionyeshe nafasi iliyobaki, na vikikutana, gari liwe limeshasimama. Mikono iliyoinuliwa juu yote miwili ni kusimama. Kubalianeni hayo uso kwa uso, dereva akiwa ameshuka, kwa kuwa hakuna mtu anayezaliwa akizijua ishara. Giza likiingia, mtu wa chini aimulike ardhi na kizuizi, asimulike kioo cha dereva.

Dereva akishuka kukubaliana na mtu wake, wautembee uwanja pamoja. Wengi hutazama chini tu. Chini kweli kuna mambo: visiki vilivyokatwa vikafunikwa na nyasi, mifereji ya maji, mabomba, mashimo ya ngiri na muhanga ambayo huko Seronera, ndani ya Serengeti, yanaweza kumeza tairi zima. Lakini uharibifu wa gharama kubwa uko juu. Tawi la mgunga ambalo dereva amelipita kwa Land Cruiser yake bila hata kuliona ndilo linalokwenda kung'oa dirisha la paa la karavani, kwa kuwa karavani ni ndefu kwenda juu kuliko gari. Na miiba yake huchora rangi kama msumari. Tazama pia nyaya za umeme kwenye kambi za mjini, na kamba za mahema, ambazo jioni hazionekani kabisa. Jirani mwema atafunga kitambaa cheupe, lakini usimtegemee.

Pale kambi ya Simba, juu ya ukingo wa Ngorongoro, nyasi ni nzuri kwa macho lakini zina mteremko, na mwinuko ule wa zaidi ya mita 2,000 huleta ukungu na umande, kiasi kwamba asubuhi unatembea kama juu ya sabuni. Karavani au tela lisifunguliwe kutoka kwenye gari kabla breki yake ya mkono haijavutwa na kabari hazijawekwa kwenye magurudumu, upande wa chini wa mteremko. Tela lililofunguliwa kwanza na kufikiriwa baadaye hutembea lenyewe, na hapo chini kuna mahema ya watu. Halafu kuna tangi la maji, ambalo tembo hulijia kunywa. Usiegeshe karibu nalo kwa sababu ya uvivu wa kubeba ndoo, wala usiegeshe ukaziba njia wanayoijia. Tembo hafanyi rivasi kwa ajili yako. Na kwa kuwa magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, na kutembea nje ya mwanga wa kambi ni hatari, ukaguzi huu wa kutembea unawezekana tu kukiwa bado na mwanga. Anayechelewa kuondoka Arusha kwa ajili ya manunuzi ya mwisho pale sokoni Kilombero ameshajiwekea mtego wa jioni kabla hajafika Kisongo.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, sitarefusha: udongo mweusi ukilowa, usiiingize karavani mahali ambapo kisigino chako kinazama. Kuivuta kwa kamba kutoka pembeni hupinda kiungio, na ubavu hugonga kila kilicho jirani.

Nafasi kati ya karavani na karavani nayo ni jambo ambalo wenye kambi wanaweza kulipanga bila gharama. Waingereza wana utaratibu wa kuacha mita 6, hasa kwa hofu ya moto, lakini mita hizo hizo ndizo zinazoupa mkia mahali pa kufagia. Kwetu mlinzi hubana magari sita mahali pa matatu ili aonekane mchapakazi. Pakeni mawe chokaa, wekeni alama, na mabomba ya maji yachimbiwe nguzo imara na nene pembeni yake, yenye kufika usawa wa kifua, ionekane kwenye kioo. Bomba fupi lililojificha kwenye majani ni la kugongwa.

Asubuhi ya kuondoka, mtu wa chini azunguke karavani yote kabla injini haijawashwa: miguu ya kona imepandishwa, ngazi imeingizwa, waya wa umeme umechomolewa, gesi imefungwa, madirisha ya paa yamefungwa. Na kwa sisi wa Land Cruiser, paa la kuinua liwe limeshushwa. Mmeshaona ninyi wenyewe mapaa yaliyoachwa kwenye matawi.

Nina neno kwa wenye makampuni, ambao nimeelezwa kwamba wachache wako humu. Desturi ya kumkata dereva mshahara kwa kila mkwaruzo haijapunguza mikwaruzo. Imezaa kufichana. Dereva anapaka rangi ya dukani juu ya ufa, mlinzi anapewa elfu tano anyamaze, na karavani ya mgeni inaondoka kwenda kuoza. Ningependa dereva aulizwe swali moja tu: mtu wako wa chini alikuwa nani? Akiwa naye, na walifuata utaratibu, hiyo ni ajali, na kampuni iibebe. Akiwa hakuwa naye, hapo mjadala mwingine uanze. Na mtu wa chini apewe chochote kwenye bajeti ya safari, ajue ni kazi.

Mheshimiwa mwenyekiti, uwanjani nyuma ya ukumbi tumeweka karavani moja, tela moja fupi na mapipa matupu ya kutosha kugongwa. Nimeomba mpangilio ugeuzwe kwa zamu ya kwanza. Walinzi na wapishi ndio watakaokaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, ili waone wenyewe jinsi kioo kinavyowaficha watu waliosimama nyuma; na madereva, wazee mkiwemo, mtasimama chini mmoja mmoja na kuulizwa mnaonekana au hamuonekani. Baada ya chai tutawasha injini. Tafadhali mlioegesha karibu na geti mwondoe magari yenu sasa hivi.